Namba ya simu ya biashara ndogo: nilivyoacha kupoteza simu za wateja (duka la gesi, Sinza)

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma nyuzi za biashara muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu wiki hii watu wawili wameniuliza swali lilelile: nimefungua kabiashara, nichukue laini gani na simu gani ya dukani? Kila mmoja nilikaa naye karibu saa nzima. Nikaona niliweke hapa wote tulisome.

Nauza gesi ya kupikia Sinza, si mbali na stendi ya Mawasiliano, ile wengi wanaiita Simu 2000. Mitungi ya kilo 6, ya kilo 15, na michache ya kilo 38 ya mama lishe. Biashara yangu yote iko kwenye simu. Mteja wa gesi hapangi siku ya kununua. Gesi inamkatikia maharage hayajaiva, watoto wanauliza chakula, anainama kuangalia stika iliyobandikwa kwenye mtungi, anapiga. Isipopokelewa hasubiri. Anauzungusha mtungi upande wa pili ambako kuna stika ya muuzaji mwingine, anapiga huyo. Nimeyaona haya kwa macho yangu jikoni kwa dada yangu, na stika aliyoiacha ilikuwa yangu.

Nianze na lililoniumiza kuliko yote, ambalo ni usajili wa laini.

Nilipofungua duka, siku ya kununua laini alama zangu za vidole zilikataa kwenye mashine ya wakala. Tulijaribu kidole gumba, cha shahada, mkono wa kulia, wa kushoto, ikawa hivyo hivyo. Kijana niliyemwajiri kukaa dukani akasema, "Mama, weka yangu kwa leo, tutabadilisha baadaye." Nikakubali. Baadaye haikufika. Nikachapisha stika, nikabandika kwenye mamia ya mitungi, nikaandika namba ile kwenye mlango wa kontena, kwenye kofia za bodaboda, kila mahali. Baada ya mwaka na nusu kijana akaaga vizuri, akaenda kufungua duka lake. Wiki haijaisha, asubuhi simu ya dukani ikaandika hakuna huduma. Nilidhani ni mtandao. Kumbe amekwenda kwa wakala akairudisha laini kama mtu aliyepoteza simu. Kisheria ilikuwa laini yake, kidole kilikuwa chake. Sikuwa na pa kwenda kulalamika. Stika zangu zote tangu siku ile zilikuwa zinamtangaza yeye.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza simu gani ni nzuri, piga *106# kwenye laini ya biashara uangalie imesajiliwa kwa nani. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, namba ni ya yule ambaye kitambulisho chake cha NIDA kimetumika, haijalishi nani analipia vocha. Ukiwa na kampuni iliyosajiliwa, nenda duka kubwa la mtandao wako uisajili kwa jina la kampuni. Huna kampuni, isajili kwa jina lako wewe mwenye biashara. Vidole vikikataa kwa wakala wa mwavuli, usimpe mwingine aweke chake. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta kidogo, futa, nenda duka kubwa wajaribu vidole vyote kumi kwa utulivu. Vyangu vilikubali mara ya pili, na kidole kilichokubali kilikuwa cha kati.

Kuna jambo jingine humo humo. Mteja akilipa kwa simu, jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri ni la aliyesajiliwa. Nilipokuwa natumia laini ya kijana, wateja wapya walikuwa wanakata malipo njiani na kuuliza, "Mbona jina si la duka?" Wana haki. Ukiweza chukua lipa namba yenye jina la biashara, na simu ya pesa iwe mbali na simu ya kupokea oda.

Namba yenyewe: usitafute namba ya kujionyesha, tafuta inayotamkika. Mimi niliwapa vijana watatu wa bodaboda pale kituoni, injini zinanguruma, nikaitaja mara moja tu. Wawili waliirudia sawasawa, nikaichukua. Ile ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na sita na saba zimekaa pamoja, watu wanazichanganya.

Mtandao gani? Siku hizi si swali zito kama zamani. Pima pale pale utakaposimama. Duka langu ni kontena. Nje mitandao yote inasoma, lakini ukiingia ndani ya bati na kurudisha mlango, mmoja ulibaki na vijiti vitatu na mwingine ukapotea kabisa. Ningechagua kwa matangazo ningekuwa napokea simu nje juani. Na ukiwa tayari na namba watu wanaijua lakini mtandao wake unakusumbua, huna haja ya kuitupa. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako: unakwenda kwa wakala wa mtandao unaohamia, unatuma neno HAMA kwenda 15080, wanakamilisha. Toa kwanza pesa zote zilizo kwenye akaunti ya simu kabla ya kuhama.

Ngoja nimhudumie mteja, naendelea.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Nimerudi. Sasa jambo ambalo nililigundua kwa kuchelewa sana.

Nilipopata laini mpya, nikaweka laini mbili kwenye simu moja ya laini mbili, nikaandika namba zote mbili kwenye stika. Nikajiona nimemaliza. Jioni moja dada yangu kaniambia, "Mbona namba yako ya pili huwa haipatikani?" Nikabisha, simu iko mkononi! Tukajaribu. Mtu mmoja akapiga laini ya kwanza nikapokea, dada akapiga ya pili. Kwake yule mama wa kwenye mtandao akasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwangu simu haikutingishika hata kidogo, na hata baada ya kukata haikuonyesha kwamba kuna aliyenitafuta.

Simu nyingi za laini mbili zina redio moja. Ukiongea kwenye laini moja, nyingine inakuwa kama imezimwa. Yaani kila nilipokuwa nahudumia mteja mmoja nilikuwa nimemfungia mlango mwingine, na sikuwa na habari.

Dawa iko ndani ya simu yako, haiuzwi. Ni kuelekeza simu kwenye namba nyingine, wengi mnaita kudaiveti. Kwenye laini ya pili bonyeza **62* kisha namba ya kwanza kisha # halafu piga. Hiyo inasema: laini hii isipopatikana, mpeleke kule. Kwenye laini ya kwanza washa simu ya kusubiri kwa *43#, ili ukiwa unaongea usikie mlio wa mwingine. Ikiwa una msaidizi mwenye simu yake ni bora zaidi: **67* ni ukiwa unaongea na mtu mwingine, **61* ni usipopokea. Hii ya kutopokea unaweza kuipangia sekunde, mfano **61*namba*11*15# itaita sekunde 15 kisha iende kwa msaidizi. Kuangalia ilivyowekwa ni *#61#, na kufuta zote ni ##002#.

Zingatieni mawili. Kile kipande cha kutoka kwenye laini yako kwenda kwa msaidizi unalipa wewe. Laini ikiwa haina salio simu haiendi, mteja anasikia tu imekatika. Na msielekezane kwa mzunguko, mimi kwako na wewe kwangu kwa sharti lilelile. Mwisho wa safari lazima uwe kwa mtu aliyekaa na simu mkononi.

SPEA GEREZANI

Mama umeongea vizuri ila hapo kwenye mtandao mmoja sikubaliani. Sisi huku Kariakoo kila duka lina laini nne, kila mtandao moja. Mteja anataka kupiga mtandao wake, usipokuwa nao anahisi unamtia gharama.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Kaka, hilo lilikuwa kweli kabisa miaka ya nyuma na hata mimi nilibeba simu tatu. Lakini bei ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kuunganisha simu ilikuwa shilingi 15.6 kwa dakika mwaka 2018 na ikashushwa kila mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana leo mabando yana dakika za mitandao yote. Tena kwa kuwa watu wanahama na namba zao, ukiona 075 au 071 huwezi kuapa yuko mtandao gani.

Ninachokuuliza kwa heshima: hizo laini nne anapokea nani? Jumamosi duka limejaa, simu nne ziko juu ya kaunta zinaita, unajua jana ngapi zilikosa majibu?

SPEA GEREZANI

Hapo umenishika. Sijui. Laini za pesa lazima ziwe kila mtandao kwa sababu ya uwakala, hilo siachi. Ila za kuongea nitazitazama upya.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Za uwakala sawa kabisa, hizo ni kazi nyingine.

Na hapa ndipo nilitaka tufike. Kabla ya kununua chochote, hesabu. Nilichukua kaunta buku, nikapiga mistari: saa, namba, mtaa, mtungi, imepokelewa au la. Siku ya kwanza, kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, simu 11 hazikupokelewa. Usiku nikazipigia zote. Saba walishaletewa gesi na mtu mwingine, wawili hawakupokea, mmoja alikuwa amekosea namba, mmoja tu alikuwa bado ananisubiri. Nililala na mawazo. Asubuhi yote nilikuwa nakaa bure, kijana mpya wa dukani ananisaidia kupanga mitungi, na jioni wote wawili tuko barabarani tunasindikiza oda, simu iko dukani inaita peke yake.

Sikununua simu mpya. Nilibadilisha zamu. Kijana sasa anaingia saa 8 mchana na kuondoka saa 3 usiku, na kuanzia saa 11 jioni kuna mtu ambaye kazi yake ni simu tu, hagusi mtungi.

MZEE WA POSTA NA SIMU

Habarini wanangu. Nimependa hiyo kaunta buku kuliko yote mliyoandika.

Nilikuwa fundi katika Shirika la Posta na Simu mpaka lilipogawanywa mwaka 1994, nikaendelea upande wa simu hadi kustaafu. Swali la laini ngapi zinatosha lilishajibiwa zamani. Mtu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu hizi mwaka 1909, na kanuni tuliyokuwa tukiitumia aliitoa mwaka 1917. Mzigo wa simu unapimwa kwa jina lake hadi leo. Erlang 1 ni sawa na laini moja inayoongea saa nzima bila kupumzika.

Chukua jioni yako, mama. Tuseme kwa saa moja wanapiga watu 20, kila mmoja anaongea dakika 3. Jumla ni dakika 60, erlang 1. Mtu atasema dakika 60 zinaingia kwenye saa moja, laini moja yatosha. Haitoshi kabisa, kwa sababu wateja hawapangi foleni. Watatu watapiga kwa pamoja, kisha dakika tano kimya. Kwa kanuni ile, kama anayekuta simu inatumika anakwenda kwingine moja kwa moja, kwa laini moja utampoteza mmoja kati ya kila wawili. Laini mbili, mmoja kati ya watano. Laini tatu, mmoja kati ya 16. Laini nne, mmoja kati ya 65. Na laini ninayosema hapa ni pamoja na mtu wa kuipokea. Laini nne na mpokeaji mmoja ni laini moja.

Lakini kuna njia ya pili ambayo haihitaji kuajiri mtu. Fupisha maongezi. Watu wale wale 20, dakika moja na nusu badala ya tatu, mzigo unashuka hadi nusu erlang. Kwa laini mbili sasa unampoteza mmoja kati ya 13, siyo mmoja kati ya watano. Tazama dakika zako zinakwenda wapi.

Na la mwisho, sisi tulifundishwa kupokea kwa kutaja jina la mahali kwanza. "Halo, nani mwenzangu" inakula muda, na mgeni anadhani amekosea namba.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hesabu hii nimeiandika kwenye jalada la kaunta buku yangu.

Umeniuliza dakika zinakwenda wapi, nikakaa nikasikiliza. Zinakwenda kwenye kuelekezana! "Uko Sinza ipi?" "Makaburini." "Makaburini upande gani?" "Ukishuka pale, kuna fremu ya saluni, ingia ndani, nyumba ya pili geti jeusi." Mteja huyohuyo kila mwezi, na kila mwezi tunaanza upya na saluni.

Sasa kila mteja akishaletewa mara moja, bodaboda akirudi tunamhifadhi kwenye simu kwa mtaa na alama na mtungi wake, siyo jina peke yake. Simu ikiita inasoma "Kijiweni geti jeusi gorofa ya pili kilo 15". Mpokeaji anasema, "Gesi Sinza, karibu. Tukuletee ule wa kilo 15 pale Kijiweni?" Mteja anacheka kwa furaha, anasema ndiyo, kwisha. Nimepima kwa saa ya ukutani, mteja wa zamani haifiki sekunde 40. Mteja mpya ndiye bado anachukua dakika zake, na ninampa zote.

FUNDI NYAYA

Naingilia kwa sababu naona hatari mbili hapo.

Ya kwanza: hiyo simu ya dukani, akaunti ya barua pepe iliyowekwa humo ni ya nani? Nimekagua simu za ofisi nyingi, majina yote ya wateja yanahifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya kijana wa mapokezi. Siku akiondoka anaondoka na orodha yote, na wewe unabaki na simu tupu. Ni yale yale ya laini yako ya kwanza, mama, ila safari hii hayaonekani. Fungua akaunti ya duka, neno la siri ujue wewe.

Ya pili: majina, mitaa na namba za watu ni taarifa zao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usimgawie mtu orodha, usiiuze, usiitume kwenye makundi. Wenye simu zinazorekodi maongezi, mwambieni mteja mwanzoni kwamba anarekodiwa na kwa nini.

Kuhusu mitambo. Kila wiki napigiwa na mtu mwenye wafanyakazi wawili anataka nimfungie mtambo wa "bonyeza 1 kwa mauzo, bonyeza 2 kwa malalamiko". Programu zenyewe zipo za bure, Asterisk ipo tangu mwaka 1999 na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Gharama iko kwingine: ruta nzuri, simu za mezani, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na fundi wa kuja mara kwa mara. Maongezi moja ya sauti safi yanachukua kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kurudi vivyo hivyo, ni kidogo, lakini intaneti isiyotulia inakata maneno katikati. Kilichonifundisha ni lodge moja hapa mjini. Tuliwawekea menyu ya vipengele sita. Wageni walikuwa wanakata simu kwenye cha tatu. Tukafuta yote, tukaacha salamu fupi na simu mbili zinazoita pamoja. Malalamiko yakaisha.

Kwa duka la watu wawili hadi wanne, ninachoshauri ni simu ya mezani inayochukua laini, zipo Kariakoo mtaa wa Aggrey. Mlio wake ni mkubwa, betri ipo, haiingii mfukoni mwa mtu ikaondoka kwenda chooni au nyumbani. Ile **61* ya sekunde 15 unaielekeza kwenye simu ya mkononi ya mwenye duka.

Namba ya 022 ya mezani ina heshima yake ukifanya kazi na ofisi, hoteli na zabuni. Kwa gesi, keki, na mafundi bomba, mteja wa Dar atapiga ya mkononi. Namba ya bure ya 0800 mlipaji ni wewe kwa kila dakika, iache kwanza.

Na tafadhali, akija mtu akakuomba laini zako aziweke kwenye kisanduku chake "apitishie simu za nje" akulipe kila mwezi, mfukuze. Ni kosa kisheria, na laini zina alama zako za vidole.

MGENI MBAGALA

Mimi nasumbuliwa na matapeli. Namba ikishakuwa kwenye bango kila mtu anayo. Mara "ile pesa itume kwenye namba hii", mara nimetuma kimakosa nirudishie.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Pole sana. Ujumbe wa utapeli upeleke 15040 kisha uweke namba ya aliyeutuma. Dukani kwangu kuna sheria moja imebandikwa juu ya simu: anayepokea simu za oda harudishi pesa kwa mtu yeyote, hata akilia. Anasema, "Mwenye duka atakupigia," basi. Simu ya pesa ninayo mimi, naangalia salio lenyewe, siyo ujumbe ulioingia. Na ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha WhatsApp hatajiwi mtu, awe anajiita mteja au mtu wa kampuni.

KEKI TABATA

Dada, mimi natengeneza keki nyumbani Tabata, niko peke yangu. Mikono ina unga muda wote. Simu ikiita nikiwa napamba siwezi kushika. Sina wa kumwajiri. Nifanyeje? Na WhatsApp nayo inajaa, nikija kufungua saa 4 usiku mtu ameshaagiza kwingine.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Mdogo wangu, wewe ndiye ninayekujali zaidi kwenye huu uzi, kwa sababu wengi wetu tulianza hivyo.

Kwanza keki siyo gesi. Mteja wako anaagiza kwa siku kadhaa mbele, anaweza kusubiri saa moja akijua utampigia. Kinachomkimbiza ni kutojua. Weka WhatsApp ya biashara kwenye namba ya keki, ibaki na ujumbe wa salamu na ujumbe wa kutokuwepo. Usiandike hadithi. Andika kitu kama hiki: "Asante kwa kutafuta keki. Niko jikoni hadi saa 8 mchana, nitakupigia kati ya saa 8 na saa 9. Niandikie tarehe ya sherehe, idadi ya watu na rangi." Halafu piga kweli saa 8. Ukisema saa 8 ukapiga saa 11, afadhali usingeandika. Picha na bei ziweke kwenye katalogi ili usiulizwe bei mara arobaini kwa siku. Namba hiyo moja inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne vingine, kwa hiyo hata mdogo wako akiwa chuoni anaweza kujibu maswali ya bei kutoka kwenye kompyuta yake. Weka na ile PIN ya hatua mbili.

Kwa simu za kuongea, una mtu yeyote wa kukaa na simu saa tatu za asubuhi? Hata kama hayuko Tabata?

KEKI TABATA

Mdogo wangu yuko Kigamboni, ana mtoto mchanga, yupo nyumbani tu. Nimejaribu **61* na namba yake imeandika tatizo la muunganisho.

FUNDI NYAYA

Jaribu kuanza namba na +255, toa ile sifuri ya mbele. Hakikisha uko kwenye laini sahihi kama simu ni ya laini mbili, inaulizaga laini ipi. Ikikataa, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kupiga, kuelekeza simu, utaikuta "isipopokelewa".

MZEE WA POSTA NA SIMU

Na mdogo wako mpe karatasi. Aandike jina, namba, tarehe ya keki. Asiahidi bei.

KEKI TABATA

Nimeweka +255, imekubali, sekunde 20. Nimechukua simu ya jirani nikajipigia, nikaiacha yangu mezani kwenye unga. Imeita, imeita, kimya kidogo, halafu nikasikia mtoto analia na mdogo wangu anasema, "Keki Tabata, karibu, ni ya lini?" Hakujua kama ni mimi.

MAMA MITUNGI (mleta uzi)

Weka salio kwenye laini, usisahau. Kesho anza kaunta buku.